Bunduki Kuukuu ya Upepo: Nguvu, Ulaini na Mipaka ya Fundi

Bunduki ya upepo ya springi haina baruti, betri wala chupa ya gesi. Ndani yake mna springi, pistoni, sili, yaani kipande cha ngozi au plastiki cha kuzuia hewa isivuje, na mtutu. Ndiyo maana inazeeka taratibu kuliko mitambo mingi ya rika lake. Bunduki iliyotoka kiwanda cha BSA mjini Birmingham kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia inaweza kufunguliwa leo na fundi mwenye jiriwa, tupa na bisibisi nzuri, ikasafishwa, ikatiwa springi mpya na kurudi kwenye shabaha.

Swali ni ifanyiwe nini, na kwa kiasi gani. Huko Uingereza na Ujerumani, zilikozaliwa nyingi kati ya bunduki hizi, wapenzi wake wamegawanyika pande tatu. Kuna wanaotaka chombo kiachwe kilivyo, kutu zake na mikwaruzo yake, kwa kuwa huo ndio ushahidi wa maisha yake. Wengine wanataka kirudishwe kama kilivyotoka kiwandani, kwa vipuri vya aina ile ile. Na wapo wanaosema kiwanda chenyewe kilibanwa na gharama, kwa hiyo fundi mwenye vifaa vya leo ana haki ya kumaliza kazi ambayo mtengenezaji aliiacha nusu.

Kila upande una hoja. Lakini ubishi wao hukwama mara nyingi kwenye jambo moja lisilostahili uzito linaopewa: kasi ya risasi. Anayepeleka bunduki kwa fundi huuliza itapiga kwa nguvu gani. Swali lenye faida kubwa zaidi ni kama mpigo wa kumi utafanana na wa kwanza. Ukilitanguliza hilo, maamuzi mengine karibu yote, kuanzia springi ya kununua hadi grisi ya kupaka, hupata mwelekeo.

Kinachotokea ndani

Mpigaji anapokunja mtutu, au anapovuta wenzo ulio chini yake, pistoni hurudi nyuma na kuikandamiza springi hadi inaswe na kifyatulio. Akifyatua, pistoni huruka mbele na kuibana hewa iliyomo kwenye silinda. Hewa hiyo haina pa kutokea ila tundu dogo la kipenyo cha milimita 3 au 4 linaloelekea nyuma ya risasi. Anayejaza upepo kwa pampu ya baiskeli anajua pampu inavyopata moto mkononi. Ndani ya bunduki mbano huo hufanyika kwa sehemu chache za elfu za sekunde, joto halipati nafasi ya kukimbia, na hewa hufikia joto la mamia ya nyuzi. Hewa hiyo yenye moto na mgandamizo ndiyo inayoisukuma risasi.

Joto hilo lina matokeo mawili yanayomhusu fundi. La kwanza ni kwamba mafuta yoyote yaliyoko mbele ya pistoni yanaweza kuwaka. Baba na mwana wa Kiingereza, akina Cardew, ambao kitabu chao cha mwaka 1995, The Airgun from Trigger to Target, bado kinaheshimika sana kwa mafundi, walijaribu kuiendesha bunduki ya springi katika naitrojeni, gesi isiyounguza kitu. Kasi ya risasi ilishuka sana. Maana yake ni kwamba sehemu ya nguvu ya mpigo wa kawaida ilikuwa inatokana na chembe za mafuta zinazoungua. La pili ni kwamba mafuta yakizidi, kuungua huko hakutabiriki. Mpigo mmoja hulipuka kwa kishindo na kutoa moshi, unaofuata hulegea, na pistoni ikirushwa nyuma ghafla, springi na sili huumia pamoja.

Kuna mwendo wa pili wa kuelewa. Pistoni inapokwenda mbele, bunduki nzima husukumwa nyuma. Ikikaribia mwisho wa silinda hukutana na mto wa hewa iliyobanwa, husimama, hudunda kidogo nyuma, kisha hutua. Bunduki nayo hugeuza mwelekeo na kusukumwa mbele. Kwa hiyo bunduki ya springi hupiga teke pande mbili, na sehemu kubwa ya mtikiso huo hutokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Mkono wa mpigaji hauwezi kuuzuia, kwa sababu umekwisha kabla misuli haijapata habari. Kinachoweza kufanyika ni kuufanya uwe mdogo na uwe ule ule kila mara.

Wahandisi wa Ujerumani waliliona hilo mapema. Kiwanda cha Feinwerkbau cha Oberndorf am Neckar, katika miaka ya 1960, kilitoa bunduki ya mashindano, Modeli 150, na baadaye 300, ambazo silinda na mtutu wake huteleza juu ya reli ndani ya kitako wakati wa mpigo. Mpigaji akawa hahisi teke lolote. Kiwanda hicho hakikuongeza nguvu hata kidogo, na bunduki zake zilitawala shabaha za mita 10 kwa miaka mingi.

Vizazi vya chuma

Huwezi kupanga matengenezo bila kujua kizazi cha bunduki iliyo mezani. Kizazi cha kwanza cha maana kwa Waingereza kilianzia kwenye hataza za Lincoln Jeffries za mwanzoni mwa karne ya 20. BSA iliitengeneza bunduki yake kuanzia mwaka 1905: mtutu uliokazwa usiokunjika, wenzo chini yake, na bomba dogo linalozungushwa ili risasi iwekwe. Wazo hilo liliendelea hadi BSA Airsporter ya mwaka 1948, ambayo bomba lake lilijifungua lenyewe bunduki ikikokiwa. Jirani zao mjini Birmingham, Webley & Scott, walikuwa na Mark 3, iliyotengenezwa tangu mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1970.

Upande wa Ujerumani kuna Diana ya Rastatt, kampuni iliyoanza mwaka 1890. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mitambo yake ilipelekwa Scotland, ndiyo maana zipo bunduki zenye jina la Diana zilizotengenezwa na Milbro huko Motherwell. Kuna pia Weihrauch ya Mellrichstadt, iliyoanza kutoa HW35 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bunduki hiyo ina komeo dogo pembeni mwa mtutu ambalo lazima lisukumwe kwa kidole kabla mtutu haujakunjika, na kifyatulio kiitwacho Rekord ambacho hata leo mafundi hawakichezei bila sababu. HW80 na HW77 zilizofuata mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikawa shule ya mafundi wengi wa Kiingereza.

Tofauti kubwa kati ya vizazi hivi iko kwenye sili ya pistoni. Za zamani zilitumia ngozi iliyokunjwa umbo la kikombe. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 viwanda vikahamia plastiki na mpira wa kutengenezwa. Mpya haikuwa bora kila mara. Sili za awali za Feinwerkbau 124, bunduki iliyosifiwa sana miaka ya 1970, zilitengenezwa kwa plastiki ambayo baada ya miaka hugeuka unga wa nta hata kama bunduki haikupigwa. Mtu hununua bunduki inayong'aa kama mpya, anapiga, na risasi inatoka kwa unyonge. Akiifungua anakuta vipande vya rangi ya kahawia vimeganda mbele ya silinda. Wakati huo huo ngozi ya BSA iliyoizidi umri kwa miaka 50 huenda ikahitaji mafuta tu.

Kupima kabla ya kufungua

Fundi mwenye haraka hufungua bunduki siku ile ile ilipofika. Fundi mzuri huanza kwa kupima, kwa sababu bila kumbukumbu ya hali ya mwanzo hatajua kama kazi yake imesaidia. Kifaa chake ni kronografu, sanduku dogo linalosoma kasi ya risasi inapopita juu ya vihisio viwili. Siku hizi bei yake si ya kutisha. Hupigwa mipigo kumi kwa risasi za kopo moja, yote huandikwa.

Tuseme bunduki ya milimita 4.5, ikirusha risasi ya gramu 0.54, inasoma hivi: mita 214 kwa sekunde, 229, 208, 233, 211. Wastani unapendeza, lakini tofauti kati ya mpigo wa chini na wa juu ni mita 25 kwa sekunde. Kwenye umbali wa mita 30 tofauti hiyo pekee huitawanya mipigo juu na chini kwa zaidi ya sentimita 2, hata kama bunduki imefungwa kwenye jiriwa na hakuna mkono wa mtu unaotikisa. Baada ya kazi nzuri bunduki hiyo hiyo inaweza kusoma 221, 223, 222, 220, 222. Wastani umepanda kidogo sana. Kilichobadilika ni kwamba risasi sasa zinaangukia mahali pamoja.

Hapa ndipo hoja ya nguvu inapokosa miguu. Ukipandisha kasi ya wastani kutoka mita 222 hadi 243 kwa sekunde, risasi itaanguka pungufu kwa takriban sentimita 2 kwenye mita 30. Hilo ni jambo la kurekebisha kwa kuzungusha skrubu ya kilengeo, mara moja, likaisha. Mtawanyiko haurekebishiki kwa kilengeo chochote, kwa kuwa haujulikani mpigo ujao utakwenda juu au chini.

Kabla ya kufungua kuna vipimo vingine rahisi. Kipande cha karatasi laini kikiwekwa juu ya maungio ya mtutu na silinda wakati wa kupiga, kitaruka kama hewa inavuja hapo. Mtutu ukishikwa na kutikiswa pembeni unaonyesha kama bawaba yake imelegea. Moshi mzito mdomoni mwa mtutu unaeleza kwamba mtu aliyetangulia alimimina mafuta. Kishindo kikali cha chuma kwa chuma kinaeleza kwamba sili imekwisha na pistoni inagonga ukuta. Na kabla ya yote hayo zikazwe skrubu za kitako: bunduki nyingi zilizoshitakiwa kwa kukosa shabaha zilikuwa na hatia ya skrubu mbili zilizolegea.

Kufungua bila kuumia

Hata bunduki ikiwa haijakokiwa, springi ndani yake imebanwa kwa sentimita kadhaa. Anayeondoa pini ya nyuma bila kuizuia anaweza kurushiwa kipande cha chuma usoni. Kwa hiyo hutumiwa kibano cha springi: fremu ndefu ya mbao au chuma yenye skrubu kubwa inayoshikilia nyuma ya silinda, pini zikatoka bila mzigo, kisha skrubu ikalegezwa taratibu hadi springi ipumzike. Bunduki nyingi za Weihrauch hazina pini, kizibo chao cha nyuma kimekazwa kwa nyuzi za skrubu, lakini nyuzi hizo zikifika mwisho springi bado inasukuma, na tahadhari ni ile ile.

Hatari nyingine iko mbele. Bunduki nyingi za zamani za wenzo hazina komeo la kuzuia pistoni isirudi ghafla. Kidole kikiwa kwenye mlango wa mtutu na kifyatulio chakavu kikateleza, kidole kinaweza kuumia vibaya. Kanuni ni kuushika wenzo kwa mkono mmoja muda wote mwingine unapoweka risasi. Na bunduki haielekezwi mahali pasipofaa kwa kisingizio kwamba ni ya upepo.

Mahali penye kasoro

Springi ndiyo inayotuhumiwa kwanza, na mara nyingi kwa haki. Ikiviringishwa juu ya kioo cha dirisha, iliyonyooka huenda sawa, iliyopinda hurukaruka. Springi iliyopinda huegemea ukuta wa pistoni, husugua, hutoa mvumo mrefu kila mpigo, na hula nguvu yake yenyewe. Hapo fundi hushawishika kununua yenye waya mnene zaidi. Matokeo yake hukatisha tamaa. Kukoki kunakuwa kazi ya mabega, pistoni inagonga kwa nguvu zaidi au inadunda zaidi juu ya mto wa hewa, teke linaongezeka, na kasi ya risasi inapanda kidogo tu. Bunduki ya springi hugeuza takriban theluthi moja ya nguvu iliyowekwa ndani yake kuwa mwendo wa risasi. Kinachoongezwa juu ya kiwango kinacholingana na silinda yake hupotelea kwenye mtikiso. Springi ya urefu wa asili, ncha zake zikiwa bapa na zimelainishwa kwa msasa, humfaa mwenye bunduki kuliko ile kubwa.

Kinachosaidia zaidi ya springi yenyewe ni kinachoishika. Ndani ya springi hukaa mwongozo, yaani mrija au kijiti kinachoizuia isipinde. Viwandani mwongozo huo uliachwa na nafasi, kwa kuwa vipande vilivyokaza vinagharimu na vinachelewesha kazi. Nafasi ya nusu milimita inatosha kuifanya springi icheze na kuvuma. Fundi mwenye mashine ya kukereza huchonga mwongozo mpya wa plastiki ngumu unaoingia kwenye springi kwa kusukumwa kidogo, na kofia ya namna hiyo upande wa pistoni. Springi ikibanwa hujizungusha pia, hivyo washa moja ya chuma kilicholainishwa chini ya ncha yake huiruhusu igeuke bila kuipindisha bunduki mkononi. Kwa kazi hiyo peke yake mvumo hukoma na mpigo hugeuka mshindo mmoja mfupi. Mtu aliyezoea bunduki yake ilivyokuwa mara nyingi hudhani imepoteza nguvu, hadi kronografu imwambie vinginevyo.

Sili inahitaji kipimo cha mkono. Ya plastiki ikisukumwa ndani ya silinda safi, bila springi, iteleze kwa upinzani wa wastani. Ikikaza sana hula kasi na huungua ukingo, ikilegea hewa hupita. Hupunguzwa kwa msasa mwembamba, kidogo kidogo, ikijaribiwa kila mara. Ngozi ina sheria zake. Iliyokauka haitupwi kabla ya kulowekwa kwenye mafuta ya kwato za ng'ombe usiku mzima, kisha ikaachwa ijichuje. Ikirudi kuwa laini na kingo zake zikasimama, ina miaka mingine ya kazi. Ikiwa imechanika au imegeuka ngumu kama ukucha, hukatwa mpya kutoka kwenye ngozi nene. Ngozi hudhoofishwa hasa na kufyatua bunduki bila risasi, kwani bila kizuizi mbele mto wa hewa hauundiki na pistoni hutua na uzito wake wote.

Silinda yenyewe hutazamwa kwa tochi. Mikwaruzo ya urefu mara nyingi hutokana na makali yaliyoachwa kiwandani kwenye mfereji wa mkono wa kukokia. Yakiguswa kwa tupa na msasa hayatakata sili mpya. Hatua hiyo ya dakika chache huokoa sili za miaka.

Kwenye BSA za bomba kuna kasoro ya peke yake. Bomba ni koni iliyosuguliwa kwenye tundu lake moja, la bunduki nyingine haliingii. Likichakaa hewa huvuja pembeni, na kulibadilisha si jambo la duka. Pia mitutu mingi ya zamani ya Uingereza ya kalibra .22 hupenda risasi za milimita 5.6, ilhali zinazouzwa sasa nyingi ni za 5.5. Mwenye bunduki anaweza kutumia fedha kwenye springi na sili kumbe risasi inacheza ndani ya mtutu. Kujaribu aina nne au tano za risasi ndiyo dawa iliyo rahisi kuliko zote, na mara nyingi husahaulika.

Kifyatulio kisiguswe kwa tupa ila na anayejua kilivyo. Nyuso zake zimetiwa ugumu kwa juu tu. Safu hiyo nyembamba ikiondolewa, chuma laini cha ndani huchakaa na siku moja bunduki hujifyatua. Kusafisha, tone la grisi, na skrubu ya marekebisho kama ipo, vinatosha.

Mafuta: kosa la ukarimu

Bunduki nyingi kuukuu hazikuharibiwa na ukavu. Ziliharibiwa na kopo la mafuta lililoelekezwa kwenye tundu la hewa kila mwaka na baba aliyependa kutunza vitu. Kanuni ya sasa ni fupi. Nyuma ya sili, penye chuma kinachosuguana na chuma, hupakwa grisi ya molibdenamu kwa safu nyembamba ambayo kidole kikiipitia huacha alama ya kijivu tu. Springi hupakwa grisi nzito inayonata, kidogo, kwa ajili ya kunyamazisha mvumo. Mbele ya sili ya plastiki hapawekwi kitu. Ngozi peke yake ndiyo inayoruhusiwa matone machache, na mipigo ya mwanzo baada ya hapo itatoa moshi hadi itulie, kwa hiyo vipimo vyake visiaminiwe siku hiyo.

Grisi nzito nayo ina mtego. Ukiijaza kwenye springi iliyolegea, mvumo hunyamaza na bunduki huonekana imepona, ilhali kasi imeshuka na nafasi mbaya ya mwongozo ipo pale pale. Siku ya baridi grisi huganda na kasi hushuka zaidi. Inafaa kumalizia kazi iliyofanywa vizuri. Ikitumiwa kuficha kazi isiyofanywa, mnunuzi ndiye atakayelipa.

Sheria imekaa upande gani

Mjadala wa nguvu una hakimu asiyebishika. England na Wales, tangu kanuni za mwaka 1969, bunduki ya upepo inayozidi futi-pauni 12, yaani karibu jouli 16.3, huhesabiwa silaha inayohitaji cheti kamili. Scotland, tangu siku ya mwisho ya mwaka 2016, hudai leseni hata kwa zilizo chini ya kiwango hicho. Ujerumani, bunduki zinazouzwa bila kibali cha silaha haziruhusiwi kuzidi jouli 7.5, nazo hugongwa alama ya herufi F ndani ya pembetano. Nchi nyingine zina taratibu zao, na mwenye bunduki ya upepo popote alipo anapaswa kuanzia kwenye ofisi inayohusika kabla hajagusa skrubu yoyote.

Kwa fundi wa Kiingereza maana yake ni ya kivitendo. Risasi nyepesi na nzito huzaa nguvu tofauti katika bunduki ile ile, na tone moja la mafuta linaweza kuipandisha kwa muda. Anayeiweka bunduki ukingoni kabisa mwa kikomo anaweza kuamka siku ya joto akiwa mvunja sheria bila kukusudia. Anayeiweka chini kidogo hapotezi kitu kinachoonekana kwenye shabaha, na anapata pistoni inayotua kwa upole. Sheria na fizikia hapa zinashauri kitu kimoja.

Sura ya nje na thamani

Ubishi mkali kuliko wa springi ni ule wa chuma na mbao. Rangi ya buluu iliyofifia, mbao ya walnati yenye madoa ya jasho, alama za kiwanda zilizolika: je, virudishwe? Kung'arisha chuma kabla ya kutia rangi upya huondoa pia kingo za maandishi na pembe kali alizoziacha fundi wa mwanzo, na vikiondoka havirudi. Mwenye BSA ya kabla ya Vita vya Kwanza akifanya hivyo huwa ameharibu sehemu kubwa ya thamani yake kwa fedha zake mwenyewe. Kutu hai husimamishwa kwa mafuta na pamba laini ya chuma, mbao husafishwa na kupakwa mafuta ya kitani kwa safu nyembamba, basi.

Lakini kanuni hiyo haipaswi kupanuliwa kwa kila bunduki. BSA Meteor, iliyoanza mwaka 1959, ilitengenezwa kwa wingi mkubwa na ikawa bunduki ya kwanza ya vijana wengi wa Uingereza. Meteor iliyoachwa kwenye banda lenye unyevu haina siri ya historia inayofichwa na kutu. Mwenye nayo akiipiga msasa, akaitia rangi na kuichongea mwongozo mpya, hajamnyima mtu kitu, na amejifunza ufundi kwenye chombo kinachovumilia makosa. Uchache wa bunduki na ukamilifu wake wa asili ndivyo vinavyoamua mkono wa fundi uende mbali kiasi gani, kuliko umri wake.

Hapo pande zile tatu zinaweza kukutana. Mabadiliko yanayotenduka, kama springi, sili, mwongozo na washa, yanakubalika hata kwenye bunduki adimu, mradi vya zamani vitunzwe. Yasiyotenduka, kama kukata mtutu, kutoboa tundu la hewa au kung'arisha alama, yabaki kwa bunduki za kawaida, na hata huko yawe na sababu. Kupanua tundu la hewa kwa kutafuta kasi ni mfano mbaya kuliko yote: huvuruga mto wa hewa unaoilinda pistoni, na chuma kilichotobolewa hakijazwi tena.

Jambo la mwisho lililobaki ni mpigaji. Bunduki ya springi iliyotulizwa bado hupiga teke, na huogopa kukamatwa kwa nguvu. Ikilazwa juu ya kiganja kilicholegea, mahali pale pale kila mpigo, itarudi mahali pale pale. Ikiegemezwa kwenye ukuta au kubanwa kama mpini wa shoka, mipigo itahama na lawama zitarudi kwa springi isiyo na kosa. Kwa hiyo anayepokea bunduki kutoka kwa fundi aijaribu kwa mshiko mmoja, kwa risasi za kopo moja, kabla hajatoa hukumu.

Na fundi naye ana deni la kuonyesha. Maneno kama laini na tamu ni ya kusikia tu, kila mmoja huyatamka kivyake. Anayelipia matengenezo aombe vitu viwili: karatasi yenye vipimo kumi vya kabla na kumi vya baada, na mfuko wenye kila kipande kilichotolewa. Karatasi itamwonyesha kama mtawanyiko umepungua. Mfuko utamwezesha yeye, au atakayeinunua bunduki baada yake, kutengua kilichofanyika. Fundi asiyeweza kutoa vyote viwili ameuza springi tu.